Nusu ya nini?

Katika zoezi la tafsiri la muhula uliopita niliandika bila kusita: oksidi ya urani ni keramiki, tena ni nusu-kipitishi. Nikapewa alama nzuri. Nilipomsomea mjomba wangu, fundi redio wa Likasi, akaniuliza: "Nusu ya nini, mpwa wangu?" Nikakosa jibu. Na Likasi si mbali na Shinkolobwe, ambako urani ilianza kuchimbwa mwaka 1921!

Keramiki haina taabu. Unga hushindiliwa kuwa vidonge, kisha huchomwa kwa joto la nyuzi 1,700 hivi, chembe zikashikana bila kuyeyuka. Mfinyanzi ataelewa. Vidonge hivyo ndivyo kuni za vinu vya nyuklia.

Taabu ni hiyo nusu. Miaka ya 1930 Wajerumani walitengeneza kizuizi cha umeme kwa oksidi hii, wakakiita Urdox, kwa kufupisha jina lake la kemia, Urandioxyd. Redio ikiwashwa, kizuizi kingali baridi, kinabana umeme. Kikipata joto, kinauachia polepole, na nyuzi nyembamba za lampu hazikatiki kwa kishindo cha kwanza. Nilipomweleza mjomba hivyo, alielewa kabla sijamaliza. Hakuna nusu hapo. Kuna kitu kinachobadili tabia.

Tabia hiyo bado inawavuta watafiti. Huko Marekani, penye shehena kubwa za urani hafifu iliyobaki baada ya kurutubisha, wamechunguza kama oksidi yake inaweza kufanya kazi ya silikoni. Nishati ya kuamsha elektroni zake inakaribiana na ya silikoni, ila silikoni huyeyuka kwa nyuzi 1,414, nayo hii hupita 2,800.

Basi mimi napendekeza kipitishi-geu. Wenzetu wa fizikia watasema hata shaba hubadilika ikipata joto. Kweli, lakini shaba ikipashwa huzidi kubana, hii huachia. Walimu wetu nao watasema nusu-kipitishi limekwisha kuzoeleka. Limezoeleka kwa nani? Kwa sisi tunaosahihishiana mazoezi.

Mjomba analicheka neno langu, maana kwake kigeugeu ni mteja asiyelipa. Lakini hakuniuliza tena maana yake.