Wenye vikoa warudishiwe kura
Mwaka 2000 ICANN, shirika lenye makao Marekani linalosimamia mfumo wa majina ya vikoa vya intaneti duniani, liliwaruhusu watumiaji wa kawaida kuchagua wakurugenzi watano, mmoja kwa kila kanda. Afrika ilimpata Nii Quaynor wa Ghana. Mageuzi ya 2002 yakaufuta utaratibu huo, watumiaji wakaachiwa kamati ya ushauri. Waliopinga walidai kura za mtandaoni huchezewa, tena wapiga kura ni wachache mno kuiwakilisha dunia. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake ni daftari safi la wanachama. Vyama vyetu vya ushirika havikosi mizengwe, na bado wanachama hupiga kura. Anayelipia kikoa chake kila mwaka anastahili kuwawajibisha wanaotunga kanuni zake. ICANN irudishe uanachama wenye kura.