Deni la Mtafiti

Mwanafunzi wa jiografia atafutaye shahada ya udaktari hukaa kijijini miezi mingi, hula chakula cha wenyeji, huuliza, huandika, kisha huondoka. Madaftari yake yamejaa maneno ya Kiswahili. Tasnifu itokayo humo ni ya Kiingereza kitupu. Nasema kuwa jambo hili ni kosa la elimu kabla ya kuwa kosa la adabu, na vyuo vyetu vina wajibu wa kulikomesha.

Sisemi mtafiti ni mvivu. Mimi ni mwalimu wa lugha, lakini nimewasahihishia wengi hojaji zao, na taabu yao naijua: kibali, barua ya mkoa, barua ya wilaya, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, kisha safari ya mtumbwi katika delta ya Rufiji, na tope la mikoko magotini. Taabu hiyo ni heshima yake. Lakini taabu haigeuzi kosa kuwa kweli.

Mmoja wao alirudi kutoka delta na jibu la mama mkulima wa mpunga. Alimwuliza, "Je, unamiliki ardhi?" Mama akajibu, "Mwanangu, ardhi ni ya Mungu. Mimi nalima tu." Katika jedwali akaandikwa kuwa hana ardhi. Sasa tutazame sheria. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zasema kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, nayo imewekwa chini ya Rais awe mdhamini wake. Raia ana haki ya kuikalia na kuitumia, na haki ya kimila yatambuliwa. Basi mama yule alikuwa karibu na sheria kuliko hojaji, na haki alikuwa nayo. Neno "kumiliki" lilibeba maana ya Kiingereza ndani ya vazi la Kiswahili. Lau angalisomewa tasnifu ile, angaliisahihisha kwa sentensi moja. Kwa kuwa ilifungwa katika lugha asiyoijua, kosa limekuwa hesabu, na hesabu yaweza kuwa hoja mezani pa wapangao mipango ya shamba lake.

Wapinzani wana hoja mbili. Ya kwanza, eti Kiswahili hakina istilahi. Ajabu gani hii! Watu wa pwani waligawa mwaka kwa kaskazi na kusi, kwa masika na vuli; maji waliyagawa kwa bamvua na maji mafu. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro, mashimo yazuiayo udongo usichukuliwe na mvua miteremkoni. Wachaga wana mifongo iletayo maji mashambani kutoka mlimani. Mtafiti huyapata majina haya vinywani mwa wenyeji, kisha husema hayapo.

Hoja ya pili ni mtahini mgeni. Na asome Kiingereza chake, sikatazi. Nataka tu kila tasnifu iwe na muhtasari kamili wa Kiswahili, usomwe barazani kijijini kabla ya mtihani, na masahihisho ya wenyeji yaingizwe. Nitaambiwa muda hautoshi. Muda wa kuuliza ulipatikanaje?

Mgeni mwema huaga kwa lugha ile ile aliyobishia hodi. Asiyeaga hivyo ameondoka na deni, hata akivikwa joho.