Daftari la Hospitali si Daftari la Polisi

Kijana anayetumia unga akiletwa hospitalini, mara nyingi ndugu zake hutuambia, "Ni malaria tu." Aibu hiyo tunaielewa. Lakini ugonjwa usioandikwa hauonekani kwa wanaopanga huduma.

Tuangalie Dar es Salaam. Watafiti waliwahoji na kuwapima wanaojidunga heroini, wakakuta virusi vya UKIMWI vimeenea kwao kuliko kwa watu wengine. Takwimu hizo zilisaidia kufunguliwa kwa kliniki ya methadoni Muhimbili, Februari 2011. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo. Hutuliza arosto, na mgonjwa huweza kurudi kazini. Leo huduma hiyo ipo hata Mbeya mjini.

Lakini kutoka Galula hadi Mbeya kila siku, nani ataweza? Ili huduma itusogelee, hesabu yetu haina budi kuonekana katika MTUHA. Basi, mtuambie ukweli. Siri ya mgonjwa tunaitunza. Katika taarifa ya mwezi hupelekwa idadi, si jina. Kumficha mtoto si kumlinda. Mleteni angali hai.