Sikukuu Siyo Msimu

Kila ifikapo Desemba, Tunduma hupata msamiati mpya. Kwenye mabango ya maduka, spika za wauza nguo na meseji za simu, neno linalotawala ni "msimu": msimu wa ofa, msimu wa kupendeza, msimu wa kujiachia. Sisi tunaosoma na kuandika ni watu wa maneno, kwa hiyo naomba tulikamate neno hili hapa hapa.

Msimu limetoka kwenye Kiarabu, mawsim, na pwani lilikuwa neno la wafanyabiashara: kaskazi ikileta majahazi, kusi ikiyarudisha. Ni neno zuri, la soko. Sikukuu ni neno jingine kabisa. Ni siku, tena kuu, na ukuu wake hautokani na mauzo. Siku ina jua lake la kuchwa. Msimu unavutwa kuanzia Novemba mpaka hela iishe.

Najua nitajibiwa: unaishi mji wa mpakani uliojengwa na biashara, halafu unawasema wafanyabiashara? Hapana. Bila malori yanayokwenda Zambia na Kongo, Tunduma isingekuwa Tunduma. Mama anayeuza viatu vya watoto tarehe 24 anatafuta riziki ya halali, na simgusi. Ninayegombana naye ni yule anayesema kwamba nisiponunua sijasherehekea, na kwamba mzazi asiyemvalisha mtoto nguo mpya hampendi.

Tena kauli hiyo inafika Songwe wakati mbaya kuliko wote. Huku mvua ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Desemba mkulima wa Mbozi au Momba hajavuna, ndiyo kwanza anapanda. Hela ya kahawa iliyochumwa katikati ya mwaka imeshapungua, mahindi yanadai mbolea, na Januari shule zinafunguliwa na madaftari na sare zake. Kila shilingi ya "kupendeza" imetolewa shambani au darasani. Tunatania kwamba Januari ina siku 60, lakini utani huo hauchekeshi nyumba iliyouza mfuko wa mbolea ili ipate picha ya familia.

Dini zetu zililiona jambo hili mapema. Mwislamu hutoa zakatul fitri kabla ya sala ya Idi, ili maskini naye aamke ana chakula. Akichelewa mpaka baada ya sala, huhesabiwa ametoa sadaka ya kawaida tu. Katika makanisa yetu, ya Wamoraviani na mengine, sikukuu ya mavuno ni watu kubeba debe la mahindi, kuku, mkungu wa ndizi hadi madhabahuni. Utaratibu ni ule ule: unatoa kwanza, ndipo unakula. Msimu umeupindua. Unanunua, unakula, unapiga picha, na shukrani inakuja kwa meseji ya kampuni: asante kwa kuwa mteja wetu. Yaani siku hizi anayeshukuru ni muuzaji peke yake!

Na makanisa yasijitoe kwenye lawama. Mnada wa mavuno ukichukua muda mrefu kuliko ibada, na anayeshangiliwa ni mwenye dau kubwa, mjane aliyeleta kuku mmoja anajifunza nini? Kwamba hata mbele ya Mungu kuna bei.

Tuanze na tulichonacho. Mwandishi mwenzangu, kila Desemba mhariri ataagiza habari ile ile ya bei za nguo na kuku. Iandike, ni kazi. Lakini muulize pia mkulima, mchungaji na shehe wanashukuru kwa lipi mwaka huu, na jibu lao liweke juu. Mzazi mwenzangu, tenga ya mbolea na ya madaftari, toa ya jirani asiye na kitu, kitakachobaki ndicho karamu. Kikiwa ni wali na maharage, kula, imba. Siku bado ni kuu.