Neno "Sumukuvu" Lifundishwe Shuleni

Lugha yetu imelipa ini heshima kubwa. Aliyeumizwa na maneno husema amekatwa maini. Ajabu ni kwamba maradhi yanayolikata ini lenyewe hatujayapa majina yanayoeleweka. Safura kwa huyu ni minyoo, kwa yule ni umanjano wa macho. Homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu, huchanganywa na homa ya ini aina ya B, ambayo huambukizwa kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto anapozaliwa. Anayekosea jina huenda akakosea na kinga.

Miongoni mwa visababishi vya saratani ya ini, pamoja na pombe, viwili vyatuhusu mno: virusi hivyo vya B, na sumu ya kuvu iotayo kwenye mahindi na njugu, yaani aflatoksini. Mnamo mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wa Makueni na Kitui. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayeila kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi haanguki leo, lakini ini lake huharibika polepole. Akiwa na virusi vya B pia, hatari huzidi mno.

Wenzetu wa Tanzania hulitumia neno sumukuvu. Naliunga mkono. Aflatoksini halimwambii mkulima lolote, ilhali sumukuvu lamweleza kwamba kuna sumu, nayo yatokana na kuvu. Basi akaushe mahindi upesi juu ya turubai, si juu ya udongo, na ayahifadhi pakavu. Hata hivyo, mwalimu aongeze kwamba sumu yaweza kuwapo bila kuvu kuonekana, kwamba kuchemsha hakuiondoi, na kwamba ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sumu huturudia katika maziwa.

Wapo watakaosema kwamba sayansi ni ya Kiingereza. La hasha! Mwanafunzi ndiye mkalimani wa nyumbani, na ghala la mama halilindwi kwa Kiingereza. Wengine watauliza mwenye njaa atatupaje gunia. Swali hilo ni zito, na ndiyo sababu elimu hii yapasa kutangulia mavuno, si kuyafuata.

Kuhusu virusi vya B, chanjo ipo. Watoto wa Kenya walianza kuipata katika chanjo za kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Walimu wengi walizaliwa kabla ya hapo. Wakapimwe, asiye na virusi wala kinga achanjwe, na aliye na virusi afuatiliwe na daktari, kwani dawa za kuvidhibiti zipo.

Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, somo la uundaji wa maneno litakapofika, andika sumukuvu ubaoni. Utakuwa umefundisha sarufi, na huenda ukawa umeokoa ini la mtu.