Mti wa Krismasi wa makopo: uliza kwanza chupa ilibeba nini

Hii ni sehemu ya nne ya mfululizo wetu wa Desemba. Sehemu iliyopita tuliongea kuhusu nyama ya sikukuu na matumbo ya watoto. Leo ni zamu ya mti wa Krismasi.

Nianze na msimamo wangu kabisa. Sioni sababu ya mama anayelipa kodi ya chumba kimoja Mbagala au Tandale kwenda kuhangaika Kariakoo na mti wa plastiki, wakati Januari inakuja na ada, madaftari na sare. Mti wa kutengeneza wenyewe nyumbani unatosha. Mtoto hajui bei. Anachokumbuka ni kwamba mlikaa chini kwenye mkeka, mkakata, mkafunga, mkacheka.

Na wala si jambo geni. Wengi wetu tumekua tukiona tawi la mvinje limesimamishwa kwenye ndoo ya mchanga, limepambwa kwa karatasi za rangi na maputo mawili matatu. Hakuna aliyetuita maskini. Hiyo ndiyo ilikuwa Krismasi.

Kwa hiyo makopo, maboksi na vitambaa, tengenezeni. Ila kama nesi nina ombi moja: kabla kitu chochote hakijaingia ndani kuwa pambo, uliza kilibeba nini.

Niwaambie kwa nini.

Miaka kadhaa nyuma, wiki ya mwisho kabla ya sikukuu, nikiwa zamu ya jioni, aliingia mama amembeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mtoto anakohoa mfululizo, anapumua haraka haraka, mdomo unanuka mafuta ya taa. Kumbe kaka yake wa miaka tisa alitumwa kuokota makopo mtaani ili watengeneze mti. Akarudi na kiroba kizima, anajisikia shujaa. Humo ndani kulikuwa na chupa ya maji ya kunywa ambayo mtu aliitumia kununulia mafuta ya taa. Yalibaki kidogo tu chini, meupe kama maji. Mdogo akaifungua, akanywa.

Mama wa watu kwa hofu akampa maziwa, kisha akamtia kidole kooni atapike. Jamani, simlaumu. Hayo ndiyo tuliyofundishwa wengi wetu. Lakini ndiyo yaliyomzidishia mtoto shida. Mafuta ya taa ni mepesi sana, na hatari yake kubwa haiko tumboni, iko kwenye mapafu. Mtoto akitapika, yanapanda tena kooni na kuingia kwenye njia ya hewa. Hapo ndipo mapafu yanapoungua na nimonia inaanza. Mtoto yule alikaa kwenye oksijeni siku kadhaa. Alipona, namshukuru Mungu.

Kwa hiyo shika hili leo, hata kama hutatengeneza mti: mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa. Mvue nguo iliyolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, kimbia naye kituo cha afya, na beba ile chupa aliyonywea. Hata kama anaonekana mzima, nenda, maana kifua kinaweza kubadilika baada ya saa kadhaa.

Siku anaruhusiwa, yule mama aliniambia, "Nesi, bora ningenunua tu mti wa dukani." Nikamwambia hapana, mama. Kosa halikuwa mti. Kosa ni kwamba mtoto wa miaka tisa alipewa kazi ya mtu mzima. Kuchagua taka ni kazi yako wewe. Kupamba ndiyo kazi ya mtoto.

Sasa tuchague pamoja.

Vinavyoruhusiwa kuingia: chupa za maji, soda na juisi zilizotumika nyumbani kwako, unazozijua. Makopo ya maziwa ya unga. Maboksi, magazeti, madaftari ya mwaka jana, vipande vya vitenge. Vyote vikavu na visafi. Chupa ioshe kwa sabuni na uianike juani bila kizibo.

Trei za mayai zinatengeneza mti mzuri kweli, lakini ukiona zina kinyesi cha kuku, achana nazo, maana kina vijidudu vinavyoharisha. Hata zile zinazoonekana safi, ziweke juani kwanza, na watoto wanawe mikono wakimaliza.

Visivyoingia kabisa: chupa ya dawa ya kuulia wadudu, ya jiki, ya betri ya gari, ya mafuta ya taa, hata kama umeiosha mara tano. Na chupa yoyote ya kuokota ambayo hujui historia yake.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini: hakuna kitu cha hospitali kinachogeuka pambo. Glavu za kupuliza kama maputo, vichupa vya sindano, mabomba ya sindano, hapana. Mtoto aliyezoea kuona bomba la sindano kwenye mti ataliokota akiliona jalalani, tena likiwa na sindano yake. Akichomwa na sindano ya kuokota, muoshe pale pale kwa maji na sabuni, bila kukamua kidonda, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kumkinga na maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza mapema kabisa, na zisipite saa 72.

Na mnaokuja dirishani kuniomba pamba ya kuweka "theluji" juu ya mti, nawapenda, lakini jamani, theluji ya nini na joto hili la Temeke? Pamba inashika moto upesi mno. Iacheni.

Mti ninaoupendekeza mimi hauhitaji hata rangi. Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwako, muombe vipande vya vitenge anavyotupa. Tafuta fito tano au sita, uzikate kwa kupishana: ya chini ndefu, ya juu fupi. Zifunge kwa kamba ya katani moja juu ya nyingine kama ngazi, ining'inize kwenye msumari ukutani. Kisha watoto wafunge vitambaa kwenye kila ufito mpaka usionekane. Mkimaliza mna mti wenye umbo la pembetatu, wa rangi zote, haupasuki, unafulika, na hauli nafasi sakafuni. Kwa sisi wa chumba na sebule, hilo si dogo. Anayetambaa haufikii, na mwakani unautoa kwenye begi.

Kama una mtoto chini ya miaka mitatu, pima kila pambo kwa kile kikaratasi kigumu cha katikati ya toileti pepa. Kikipita humo, kinaweza kumkaba. Vizibo vya soda vinapita. Shanga zinapita. Vipeleke juu kabisa, au uviache.

Kuhusu taa za kumetameta: zikiwa na waya uliochubuka au plagi inayopata moto, usizichomeke. Mkitoka au mkilala, zima. Mshumaa na mti wa karatasi visikae chumba kimoja. Zimamoto ni 114, andika nyuma ya mlango. Zile za betri, angalia kama ni vibetri vidogo vya duara kama kitufe. Mtoto akimeza, kinaweza kuanza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Usimtapishe, usisubiri kitoke kwa choo. Hospitali moja kwa moja.

Sasa kuna wenzangu wananiambia, "Nesi, taka ni taka, unatuletea uchafu ndani." Nawaelewa. Lakini hizo chupa tayari ziko kwetu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, ila chupa bado zinajaza mitaro yetu, na mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Mtoto aliyekaa na mama yake akaambiwa "hii ndiyo, hii siyo, na sababu ni hii" amepata somo litakalomlinda mwaka mzima, siyo Desemba tu. Mti wa dukani haumfundishi hilo.

Ila mti wa makopo una deni, na deni lake linalipwa Januari. Usiutupe uwanjani. Chupa iliyokatwa ikipata maji kidogo ya mvua ni nyumba ya mbu anayeeneza homa ya dengi. Tunakumbuka 2014 na 2019 hapa Dar, wodi zilivyokuwa. Mbu huyu anauma mchana, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haitoshi, na kutoka yai mpaka mbu kamili ni kama wiki moja hivi. Usichome moto pia, moshi wa plastiki unaingia kwenye vifua vya watoto wetu na wa jirani. Waite vijana wanaonunua makopo kwa kilo. Ukipata hata hela ya daftari moja, mti umejilipa.

Kwa hiyo jioni ya leo, kabla hujaanza kukata chochote, mwaga kiroba chote chini, mkalishe mwanao pembeni, shika chupa moja moja, umuulize: "Hii ilibeba nini?" Asipojua, na wewe usipojua, inatoka nje.

Sehemu ijayo tutaongea kuhusu safari za sikukuu na watoto wachanga kwenye basi. Mtumie na jirani ambaye kiroba chake cha makopo kiko mlangoni sasa hivi.

Nesi wenu.