Choo cha ploti kisifungwe usiku

Mimi ni fundi cherehani hapa Kayole. Riziki yangu ni sare za shule, ila wapo wanawake wanaokuja jioni, wateja wengine wakishaondoka, kuagiza kifuniko cha godoro. Husema ni cha mtoto. Nikiambiwa godoro ni la futi 4 kwa 6, najua si la mtoto, ila siulizi zaidi.

Chini naweka nailoni nzito ya kutandika mezani, katikati taulo mbili za mtumba kutoka Gikomba, juu flaneli. Nashona ukingoni tu, maana sindano ikipita katikati mkojo hufuata matundu hadi kwenye godoro. Pande mbili naacha vipande virefu vya kuchomeka chini ya godoro. Flaneli nachagua ya maua, ili ikianikwa kwenye kamba ya ploti ionekane kama shuka tu. Majirani wana macho.

Wakishanizoea hunieleza wenyewe: wengi wa wateja hawa huamka vizuri mkojo ukiwabana. Kinachowashinda ni safari. Chumba kiko ghorofa ya tatu, choo kiko chini uani, kimetiwa kufuli, ufunguo uko kwa mlinzi na balbu imeungua tangu Pasaka. Mama wa miaka 60 mwenye magoti mabovu, aliyezaa watoto sita, kibofu chake hakimngoji mlinzi avae viatu.

Basi anaacha kunywa maji, na hapo anajiongezea taabu. Mkojo mzito huchokoza kibofu, na haja kubwa ikiwa ngumu hukibana. Afadhali anywe vya kutosha mchana, apunguze kuanzia jioni, hasa chai. (Najua, kumnyima shosho chai ya jioni ni kutafuta ugomvi.) Miguu ikivimba, aiinue juu ya stuli alasiri, maji yale yatoke kabla ya kulala. Anayemeza dawa ya presha inayokojoza aulize kliniki kama anaweza kuimeza asubuhi; asiiache kwa uamuzi wake. Ndoo yenye kifuniko ikae karibu na kitanda. Na kuna zoezi alilolieleza daktari Mmarekani Arnold Kegel mwaka 1948: kaza misuli ya kuzuia mkojo, hesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Halina gharama, ila lataka kama miezi mitatu kabla ya kuona nafuu.

Ukiona damu, ukisikia mkojo unachoma, au kiu haiishi, nenda hospitali. Huenda ni maambukizi au kisukari. Na anayevuja mchana na usiku tangu uzazi mgumu asinunue kifuniko changu akanyamaza. Hiyo huenda ni fistula, na hutibiwa kwa upasuaji, hata pale Hospitali ya Kenyatta.

Hayo ya nyumbani tutayafanya. La kufuli halitoki kwetu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha, na sioni vipi choo kinachofungwa saa nne usiku kinatimiza hilo. Kodi tunalipa ya mwezi mzima, usiku ukiwamo.

Wenye ploti wa Kayole, Umoja na Dandora: wekeni balbu, na kila mpangaji mpeni ufunguo wake.